Guta Lenye Milango: Maktaba Inayotembea Kama Sanaa ya Hadharani

Kwenye kivuko cha kwenda Msangamkuu, Mtwara, na kwenye kile cha Kitunda, Lindi, kuna kitu ambacho jengo la maktaba halina: watu waliokaa, wasio na la kufanya, na ambao hawawezi kuondoka mpaka chombo kije. Mtu anatazama maji tu. Maktaba inayotembea, yaani sanduku la vitabu juu ya guta (baiskeli ya mizigo ya magurudumu matatu), hujengwa juu ya muda huo. Inamkuta msomaji palepale alipo, inafunguka mbele ya macho yake, inakaa saa tatu au nne, halafu inajifunga na kwenda zake.

Neno sanaa likiingia ndipo mambo huchanganyika. Wengi hulielewa hivi: tengeneza kabati, lipake rangi kali, chora twiga, weka magurudumu. Hilo ni kabati lililopakwa rangi. Sanaa ya hadharani hupimwa kwa namna inavyogeuza mahali na watu waliopo hapo, bila kiingilio wala mwaliko. Kwa maktaba ya aina hii, sanaa yenyewe ni kule kufunguka: sanduku lililonyamaza linageuka chumba chenye mbawa mbili, paa la kitambaa na mahali pa kukaa. Rangi ni nguo yake tu. Ndiyo maana uamuzi wa seremala kuhusu bawaba una uzito kuliko wa mchoraji, na anayeanza na mchoro kabla ya bawaba hatimaye huutoboa mchoro wake kwa drili.

Nguo nayo ikikosewa huharibu kazi. Mwaka 1905, Mary Titcomb, mkutubi wa Hagerstown katika jimbo la Maryland, Marekani, alituma gari la farasi kupeleka vitabu mashambani. Lilikuwa jeusi, na wenyeji wakaliona kama gari la kubebea maiti; kuna aliyepaza sauti kwamba lisisimame kwake, hana haja nalo. Magurudumu yakapakwa rangi nyekundu. Kwetu kosa la namna hiyo lina sura nyingine. Guta lililofunikwa turubai la bluu ni mzigo wa mfanyabiashara, na swali la kwanza litakuwa “Bei gani?” Watu wenye adabu hawapekui bidhaa wasiyokusudia kununua. Watasimama hatua sita mbali, watatazama, wataondoka. Kwa hiyo maneno KUSOMA NI BURE si pambo. Yaandikwe kwa herufi zenye kimo cha sentimita 12, ndipo mtu aliye umbali wa mita 15 ayasome bila kukaza macho.

Kwa nini guta

Mkokoteni unamchosha mtu kabla hajafika. Toyo, ile pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu, inafika mbali na ndiyo inayofaa kupanda Newala au kwenda Tandahimba, lakini kila safari ni mafuta, na siku mafuta yakikosekana maktaba imelala. Kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, kinabeba kila kitu, ila kikifika kinaonekana gari la ofisi, na gari la ofisi huja na masharti. Guta halitishi mtu. Limezoeleka sokoni, spoku na tyubu zake zipo kwa fundi baiskeli yeyote, na likikwama watu husukuma bila kuombwa. Ubaya wake ni breki: kwenye mteremko wenye mzigo, breki za guta ni za kutia moyo tu. Litumike tambarare, na penye mwinamo mtu wa pili ashikilie kwa nyuma.

Vipimo vifuatavyo ni vya sanduku la vitabu 200 hivi: urefu sentimita 120, kimo 80, kina 50. Pima kwanza jukwaa la guta lako, maana kila fundi ana vipimo vyake. Sanduku lisizidi jukwaa kwa zaidi ya sentimita tano kila upande. Plaiwudi ya milimita 12 inatosha kwa kila kitu. Karatasi moja ya sentimita 244 kwa 122 ina uzito wa kilo 20 na kidogo. Karatasi mbili zinatoa mwili, milango na rafu kwa kubana sana. Ukikosea kipande kimoja umekwama, kwa hiyo tatu ni salama. Ukitumia ya milimita 18 kwa kudhani ni imara zaidi, umeongeza kilo 20 ambazo zingekuwa vitabu.

Ndani kuna ngazi tatu za vitabu: sakafu ya sanduku na rafu mbili, kila moja ikigawanywa katikati kwa ubao wa kusimama. Mgawo huo haukwepeki. Mita moja ya vitabu vya kawaida ni kilo 20 hivi, na rafu ya milimita 12 yenye urefu wa sentimita 120 isiyo na nguzo hupinda ndani ya miezi michache, halafu hairudi tena. Ikigawanywa kwenye sentimita 60 na kupigiliwa kipande cha mbao chini ya ukingo wake wa mbele, haipindi. Rafu ilale kidogo kwa nyuma: inua ukingo wa mbele kwa sentimita mbili na nusu kwenye kina cha sentimita 30, na vitabu havitamwagika guta likiingia shimoni. Juu ya hapo, vuta ukanda wa mpira wa tyubu mbele ya kila safu wakati wa safari. Mpira uleule unaofungia magunia.

Jumla yake: sanduku kilo 55 hivi, vitabu 60 hadi 70, mikeka na viti vya kukunja 15. Kwa guta zima huo ni mzigo mwepesi. Tatizo huwa ni mahali uzito unapokaa.

Milango

Hapa ndipo penye kazi. Milango miwili ya mbele, kila mmoja sentimita 60 kwa 80, inafunguka kama milango ya nyumba ya zamani ya Mikindani, kila bamba upande wake. Wazo linalomjia kila mtu ni kuweka rafu za kawaida ndani ya milango pia. Usifanye hivyo. Ngazi tatu za sentimita 60 ni karibu mita mbili za vitabu, takriban kilo 35 zinazoning'inia hewani kwenye kila upande. Skrubu zitang'oka kwenye plaiwudi, au mbaya zaidi, mlango mmoja ukifunguliwa kabla ya mwingine sanduku zima litavuta guta upande huo mpaka gurudumu la pili linyanyuke. Mtoto akiwa ameegemea hapo ni hatari.

Milango ibebe vitabu vyembamba vya watoto tu, vikitazama mbele kwa jalada, vimezuiwa kwa ufito mwembamba. Kumi na viwili kila mlango vinatosha. Vyote pamoja havifiki kilo tatu. Majalada hayo ndiyo yanayovuta macho, yaani kuta za chumba chako ni picha zinazobadilika kila wiki bila kumlipa mchoraji. Chini ya kila mlango weka mguu wa kukunja wenye kipande cha tairi kwenye unyayo, ili uzito wa mlango uende ardhini. Bawaba ziwe tatu kwa kila mlango, zifungwe kwa boliti na nati zinazopenya mpaka upande wa pili, zisiwe za skrubu. Pwani hii chumvi iko hewani: bawaba ya chuma cha kawaida hulia baada ya msimu mmoja na huganda baada ya misimu miwili. Shaba au chuma cha pua ni ghali siku ya kununua tu.

Kabla ya kufungua chochote, kabari nne zinaingia chini ya magurudumu ya nyuma, mbele na nyuma ya kila gurudumu. Halafu miguu ya milango inashushwa. Ndipo komeo lifunguliwe. Mpangilio huu uandikwe kwa rangi ndani ya kifuniko, kwa sababu atakayefungua keshokutwa huenda si aliyefundishwa.

Komeo na vishikio ndiyo sehemu pekee inayostahili mpingo. Mafundi Wamakonde wanaoujua mti huu wapo, lakini mtu akipendekeza sanduku zima la mpingo mwelekeze kwenye mizani: mpingo ni mzito kuliko maji, ukiutupa baharini unazama. Kishikio kimoja kilichochongwa kinatosha. Kitashikwa na mamia ya mikono na kitang'aa kwa mafuta ya viganja hivyo, jambo ambalo vanishi haiwezi kuiga.

Rangi, upepo na jua

Rangi ya mafuta juu ya ubao laini ina historia yake kusini. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alichora Dar es Salaam kwa rangi za aina hiyo, na mtindo ukabeba jina lake. Inastahimili mvua, inafutika kwa kitambaa, na mikwaruzo huzibwa kwa kupaka upya. Ila plaiwudi hunywa maji zaidi kupitia kingo zake kuliko usoni. Piga msasa namba 120, kisha 220, paka kingo zote praima mara tatu kabla ya uso kupata hata mara moja, na subiri siku nzima kati ya mkono na mkono. Ukiharakisha wakati hewa ina unyevu, rangi ya juu inakauka na ya chini bado mbichi; baada ya mwezi inakunjamana kama ngozi ya maziwa. Kifuniko cha juu kiwe cheupe, hata kama msanii atanuna. Sanduku lenye kifuniko cheusi juani huweza kulegeza gundi ya migongo ya vitabu.

Kivuli kinatokana na kanga mbili zilizoshonwa pamoja kwa upande mrefu. Kanga ina pindo, mji na jina, na sehemu zote tatu zina kazi hapa: pindo ndiyo fremu ya chumba, mji ndiyo dari, na jina, yaani maandishi, ndiyo bango. Chagua jina linaloalika. Kanga zenye mafumbo ya kusutana zina nafasi yake, lakini mtu akisimama chini ya sutano atajiuliza anasutwa nani.

Upepo wa kusi ukishika, hasa katikati ya mwaka, kanga hiyo si paa tena, ni tanga, na guta ni jahazi. Funga pembe mbili za nyuma kwa kamba imara kwenye sanduku, na zile mbili za mbele kwa mpira wa tyubu kwenye fito zilizochomekwa ardhini, ili ukali ukizidi mpira unyooke na upepo upite. Ukifunga pembe zote nne kwa kamba, kitakachokatika ni kanga au ni bawaba zako.

Korosho kwenye migongo ya vitabu

Swali gumu kuliko yote ni hili: unajuaje kitabu gani kimetoka, wakati hakuna kompyuta, mhudumu ni mmoja, na giza linaingia? Jibu linaweza kuwa daftari. Linaweza pia kuwa mchoro, na hapo sanaa na maktaba zinakuwa kitu kimoja.

Kila kitabu kivikwe karatasi ya kaki, kama wanafunzi wanavyofunika madaftari, na juu yake nailoni. Kabla ya kuvika nailoni, panga vitabu vya sehemu moja ya rafu, ishirini na tano au thelathini, vikiwa vimebanana na vimesawazishwa chini. Juu ya migongo yao yote pamoja chora umbo moja kubwa: ile korosho iliyojikunja ambayo iko kwenye kanga nyingi, na ambayo kwa Mtwara na Lindi haihitaji maelezo. Kitabu kikitoka, korosho ina pengo. Kikirudishwa mahali pasipo pake, mstari unakatika na jicho linauona kabla ya akili. Sehemu sita za rafu, korosho sita, kila moja na rangi yake: kijani kwa watoto wanaoanza kusoma, nyekundu kwa hadithi, njano kwa kilimo na ufugaji, na kadhalika.

Kuna mitego. Ukiacha rangi ikauke vitabu vikiwa bado vimebanana, vitashikana na kaki itachanika ukivitenganisha. Vitenganishe rangi ikiwa bado na unyevu. Kalamu za wino wa kawaida hufifia juani ndani ya wiki chache, kwa hiyo tumia rangi ya maji ya mchoraji. Usibandike selotepu moja kwa moja kwenye kitabu: joto la pwani huifanya iwe njano na gundi yake hutoka pembeni, ikishika vumbi na kitabu jirani.

Kuna mtego mmoja zaidi. Kitabu kikitoka, vingine huegemeana na pengo linapotea. Dawa yake ni vibao. Kata vipande arobaini vya mbao laini, kimo cha kitabu, unene sentimita mbili, visipakwe rangi. Kitabu kikiazimwa, kibao kinasimama mahali pake, kikiwa na namba tu. Daftari lina namba hiyohiyo na jina la mwazimaji. Kwa namna hii jirani haoni nani amechukua kitabu cha nini, jambo lenye maana kubwa pale mtu anapoazima kitabu cha ugonjwa au cha sheria ya mirathi. Vibao vikiisha, kuazima kumefungwa. Wengine wasome hapohapo.

Mtu asitozwe amana. Shilingi elfu moja ya dhamana inamfukuza hasa yule unayemtafuta, na anayeweza kuilipa ana njia nyingine ya kupata kitabu. Vitabu vitapotea. Weka akiba ya kaki na nakala za ziada za vile vinavyopendwa, na usimwite mtu mwizi kwa kitabu ambacho kimesomwa na mtaa mzima.

Kuhusu vitabu vyenyewe, katika kila kumi, saba viwe vya Kiswahili. Shehena za msaada kutoka nje huja na vitabu vya mtaala wa nchi nyingine, na ukivipokea vyote umejaza guta kilo ambazo hakuna atakayezifungua. Ni haki yako kukataa zawadi. Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanza mwaka 1991, umetoa hadithi nyingi fupi za Kiswahili zinazofaa milango ile, na wachapishaji kama Mkuki na Nyota wana vitabu vya watu wazima. Kivukoni hitaji ni maandishi mafupi: hadithi ya kurasa kumi humalizika kabla ya chombo kufika, riwaya haimaliziki. Kudurufu kitabu kizima ili kujaza rafu ni kuvunja Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, hata kama nia ni njema.

Ruhusa, unyevu na wadudu

Anza kwa mtendaji wa mtaa, kisha afisa utamaduni wa manispaa, iwe ya Mtwara-Mikindani au ya Lindi. Vivuko vinaendeshwa na TEMESA, wakala wa serikali, kwa hiyo eneo la kivukoni lina mwenyewe wa kuombwa. Maktaba ya mkoa ijulishwe mapema. Iko chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, na mkutubi wake anajua kupanga vitabu kuliko msanii yeyote. Barua iwe ya ukurasa mmoja, na picha mbili: sanduku likiwa limefungwa, na likiwa wazi. Picha hizo hujibu maswali ambayo barua ya kurasa tano ingeyazidisha.

Usiku sanduku lilale ndani ya nyumba, limeinuliwa juu ya matofali, kwa ajili ya mchwa. Toboa matundu manne ya sentimita tano, mawili chini mbele na mawili juu nyuma, uyazibe kwa neti ya mbu ili hewa ipite. Kitabu kilicholowa hakiruhusiwi kulala na vingine: ukungu huanza ndani ya siku mbili. Kisimamishwe wazi kivulini penye upepo, na kikishakauka kipigwe brashi nje, mbali na sanduku. Juani hapana, kurasa hujikunja. Kitabu chenye vitundu na unga mwembamba kina mabuu. Kifungwe ndani ya mifuko miwili ya plastiki isiyopitisha hewa, kikae wiki mbili kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri. Friza za samaki hazina uhaba mjini. Mifuko miwili ni kwa heshima ya msomaji ajaye. Nafthalini, vile vidonge vyeupe vya kufukuza wadudu, isiwekwe kamwe: watoto huidhani peremende.

Mvua zinapoanza, Novemba au Desemba, mpaka Aprili na pengine zaidi, chagua vituo vyenye paa: stendi, ukumbi wa kivuko, baraza ya zahanati. Msimu wa korosho unaoanza Oktoba hubadilisha watu pia. Wengi wako shambani wakiokota, na asubuhi ya Jumanne iliyokuwa na wasomaji thelathini inabaki na wazee watatu. Hapo guta liende watu waliko, ghala la chama cha msingi cha ushirika siku ya kupima korosho, ambako foleni ya mizani ni ndefu kuliko ya kivuko.

Mhudumu aketi pembeni ya mlango, si mbele ya rafu. Akikaa mbele anakuwa muuza duka. Mkeka ni wa watoto na akina mama, lakini wazee hawatakaa chini na kuvua viatu hadharani. Wawekewe viti vya kimo cha sentimita 42, wapatiwe magazeti, waachwe.

Kufungua kusizidi dakika kumi, na kufunga vivyo hivyo, la sivyo kuna siku uvivu utashinda. Kufunga kunakwenda kinyume cha kufungua. Kanga kwanza, maana upepo wa jioni hausubiri. Halafu korosho sita zinatazamwa moja moja: vibao vilivyosimama rafuni na vilivyobaki kikashani viwe arobaini, na kila kilichosimama kiwe na mstari wake daftarini. Mipira inavutwa, milango inarudi, komeo linaingia, miguu inakunjwa. Kabari hutolewa mwisho, mtu akiwa tayari ameshika usukani.